Barua Niliyokuandikia Ukatafutie Kazi

Kaka yangu mpendwa,

Juzi nimewashambulia tena waajiri gazetini, na barazani nimesifiwa mpaka nikaona haya. Wangejua barua yangu ya kwanza ya namna ile aliibeba nani mfukoni, wasingenisifu.

Karakana yako ilipofungwa hukukaa ukasikitika. Uliwazungukia mafundi ukawauliza: nani anaajiri, anafika saa ngapi, hapendi nini. Kisha ukapanga siku zako, Jumatatu karakana za mjini, Jumanne makontrakta, Jumatano huku Nguvumali. Shati moja la kaki, unalifua jioni, unalipiga pasi ya makaa alfajiri. Ukachonga kijisanduku kilichoungwa bila msumari hata mmoja, ili waone mkono wako kabla hujafungua kinywa. Kilichobaki ni barua ya Kiingereza, na hiyo ukaniachia mimi, kwa sababu uliacha shule ili mimi nisome.

"Andika kwamba mimi ni seremala na nafika mapema," uliniambia. "Basi."

Niliandika hayo. Kisha nikaongeza aya nzima kuhusu fundi Mwafrika anayelipwa nusu ya mwenzake asiye Mwafrika kwa ubao ule ule. Nikaisoma peke yangu nikajipongeza. Nikanakili sita, nikabandika bahasha zote.

Ulizipeleka kwa mikono miwili, kwa adabu yako ile. Tano hazikujibiwa. Ya sita ilisomwa mbele yako na karani mmoja, akaikunja akakurudishia.

"Bwana fundi, aliyekuandikia hii ni ndugu yako au mtesi wako?"

Ulirudi ukaketi mlangoni, kijisanduku mapajani.

"Mwishoni umeandika nini, mdogo wangu?"

"Nimeandika haki."

"Haki unayo wewe. Mimi nilitaka kuranda mbao."

Hukunigombeza. Afadhali ungenipiga. Mwezi ule ule ukaenda kukata mkonge upande wa Pongwe, kule wasikouliza barua. Mvua zilipoanza ukashikwa na homa, na tulipopata habari ulikuwa hujitambui. Tulikuzika Tongoni, kando ya mama.

Kaka, hasira yangu sijaitupa. Nusu ile ya mshahara ni dhuluma, na nitaendelea kuisema kwa jina langu, mlangoni kwangu, waje wanitafute mimi. Lakini siku ile nilipigana kwa kutumia tumbo lako, na sikukuomba ruhusa.

Kijisanduku ninacho, kifuniko chake bado kinafunga bila sauti. Leo nimeiandika upya barua yako nikaiweka ndani: "Huyu ni seremala. Anafika mapema." Nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi, na sikuongeza neno.

Mola akulaze pasipo na kazi ya kutafuta.

Ni mimi, mdogo wako uliyemsomesha.