Pampu Niliyoiponya

Jumatatu, 3 Machi

Leo mhadhiri mpya kaleta mambo! Kijana wa miwani, mikono laini kama ya bwana harusi. Eti chaki basi. Kila kundi la wanafunzi wa uhandisi linapewa mashine inayoumwa—ugonjwa kautia yeye mwenyewe kwa makusudi—wautafute kwa mikono yao mpaka waupate. Kundi likisaidiwa na mtu wa nje, linarudia mwaka. Akanigeukia: fundi, wewe toa spana, mdomo funga.

Mimi! Niliyefufua majenereta nchi tatu! Niliyemtengenezea nahodha winchi huku meli inakwenda! Shule niliishia darasa la saba, lakini chuma hakiulizi cheti. Nimecheka tu.

Kundi la yule binti Kijiti limepata pampu ya maji. Inanguruma, haivuti hata tone.

Jumanne, 4 Machi

Kuwatazama watoto hawa ni adhabu. Asubuhi nzima wamefungua, wamefunga, wamebishana. Mmoja kalaumu umeme. Mwingine kamlaumu mwenzake. Kijiti—yule binti mwembamba anayeniita mjomba, huwa namgawia chai yangu—kaweka ncha ya bisibisi kwenye bomba, mpini sikioni, anasikiliza.

Nilijua tangu jana! Mpira wa kiungo cha bomba la kuvutia maji umepasuka. Pampu inakunywa hewa. Ulimi uliniwasha kama nimelamba upupu.

Walipokwenda kula, nikashindwa. Mpira mpya, grisi kidogo, nikakaza. Maji yakaruka! Mwanawane! Nikazima, nikapangusa, nikatoka napiga mluzi. Mchana wana hesabu. Kesho wataiwasha mbele ya mhadhiri, wataona inafanya kazi, watadhani wameweza wenyewe. Zawadi ya mjomba.

Jumatano, 5 Machi

Heri ningekatika mkono.

Kumbe Kijiti alishaupata! Jana, kabla ya kwenda kula, alimfuata mhadhiri kwenye korido: ni mpira, umechanika upande wa chini, kesho nitakuonyesha. Mhadhiri akafurahi, maana ndio aliouchana kwa wembe. Leo darasa zima limezunguka. Wakawasha—maji pwaa! Mhadhiri kakunja uso. Kafungua kiungo mwenyewe. Mpira mpya, unang'aa.

"Nani kakubadilishia?"

"Sijabadilisha kitu, mwalimu."

"Basi umejibadilisha wenyewe." Darasa likacheka. "Na jana nani alikunong'oneza?"

Kijiti hakulia. Afadhali angelia. Wenzake wa kundi wakamtazama kama mwizi wa kuku. Ijumaa atahojiwa kwa mkuu wa idara.

Mhadhiri akaniuliza: fundi, jana mchana kuna mtu uliyemwona akiingia?

"Sikumwona mtu."

Si uongo—mtu hajioni. Ndivyo nilivyojitania njiani. Haikuchekesha. Nyumbani mama watoto kauliza mbona leo sijajisifu, naumwa? Nikamwambia homa. Kanipikia uji. Uji wenyewe nimeuacha mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Kijiti kaja karakana.

"Shikamoo, mjomba."

Nikaitikia marahaba huku napanga spana. Kaomba bisibisi ileile. Hakuitumia. Akasema, macho kwenye pampu:

"Mjomba, nimefanya tulivyofundishwa. Uanze na unachokiona. Mpira mpya umepakwa grisi. Sisi hatukupewa grisi."

Nikacheka kile kicheko changu kikubwa. Grisi! Nani kila mwaka anawaambia kwamba fundi asiyepaka grisi ni seremala? Karakana nzima wanaijua. Kopo lenyewe limetuna mfukoni mwa ovaroli yangu!

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo jibu ninalo. Lakini mwalimu anasema ukilipata usimpe mwenzako. Mwache alifikie mwenyewe."

Akarudisha bisibisi mezani. Asante, mjomba. Akaenda.

Asante!

Nimeinamia pipa la vyuma chakavu mpaka mgongo ukagoma. Mpira wa zamani, nilioutupa humo Jumanne, nimeupata.

Ijumaa, 7 Machi

Benchi, nje ya ofisi ya mkuu wa idara. Naandika ili mikono ipate kazi. Kijiti yuko ndani na mhadhiri. Mimi sikuitwa.

Ukuta mwembamba. Mkuu anauliza: kama si wewe, ni nani? Anauliza tena. Angesema tu! Fundi, yule mropokaji wa karakana—amemaliza. Hasemi. Amesema, "Naomba nisubiri kidogo."

Anasubiri nini, mtoto huyu!

Mpira ninao. Mkato wa wembe unaonekana wazi. Maneno yangu ya kukiri niliyaanzia kwenye kisa cha ile meli—nikayatupa. Nikatafuta mzaha wa kuingilia. Haukuja. Yamebaki mawili: ni mimi. Winchi niliiweza, haya mawili yananishinda. Nimesimama, nimekaa, nimesimama.

Mkuu anasema: haya binti, tumesubiri vya kutosha.

Kiti kinasogea. Nimevua kofia. Kalamu niiweke wapi—mkono mmoja una mpira, na mwingine ndio wa kubishia ho—