Ng'ombe wa Sikioni

Nsungwi, Lilongwe
10 Septemba 2017

Papa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, mgongo umetulia, na lile sikio la kuume bado linakutumikia. Sisi huku ni wazima, tena zaidi ya wazima. Papa, nina furaha mpaka naona haya! Asubuhi Aristote ananiletea chai kitandani. Nikimwambia, "Majirani watasema nimekuloga," anajibu, "Si uliniloga toka siku ile pale bombani?" Mchana anashona barazani, nami napiga pasi nguo za wateja. Kila akimaliza mshono ananitazama kama vile mshono umetoka usoni mwangu. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi na bado akakumbuka kupika.

Sasa habari yenyewe: ng'ombe wako amefika! Mpaka leo nacheka nikikumbuka siku ya mahari, wazee wamekaa, wewe ukasimama ukasema, "Mukwe, ng'ombe nitamfunga wapi hapa kambini Dzaleka, kwenye kamba ya kuanikia nguo? Sikio langu la kushoto limekufa, hili la kuume linachechemea. Niletee apareyi ya masikio, mashine ya kusikilizia, hiyo njo ng'ombe yangu." Wazee wakakubali, Aristote akaapa. Alitafuta kwenye simu usiku na mchana, akaipata katika duka moja la mtandaoni la Afrika Kusini. Mteja wake mmoja mwenye kadi ya benki akamlipia.

Naituma kwa mkono wa jirani yako Mama Marguerite, safari yake ya vitenge ikimalizika. Duka linasema kitu kisipofaa kirudishwe ndani ya siku kumi na nne. Kwa hiyo uivae, uisikilize vizuri, utuambie ukweli. Nataka Noeli uongoze kwaya yako ukisikia sauti zote nne. Na siku moja nikupigie simu kama watoto wengine wanavyowapigia baba zao, niache kukuandikia barua kama askofu.

Binti yako mwenye raha,
Marlène

*

Dzaleka
18 Septemba 2017

Marlène, binti yangu, mke wa watu,

Nakusalimu, namsalimu na mukwe. Mimi nimeamka, nimekula nsima, nimemaliza. Mtu anayemaliza nsima si mgonjwa. Mgongo unalalamika kidogo, lakini huo ulianza kulalamika tulipovuka ziwa tukikimbia kwetu, tumeshazoeana.

Ng'ombe amefika. Nimemvaa siku hiyohiyo, na uwanja mzima ukaja kumwangalia. Mama Marguerite akanipigia kelele, "Papa Byamungu, sasa tutakusengenya wapi?" Nikamjibu, "Muende Lilongwe!" Nasikia mbuzi, nasikia kinu cha kusaga mahindi, nasikia watoto wakigombana juu ya mpira.

Habari ya kurudisha usiniandikie tena. Ulisoma mpaka ukamaliza sekondari, lakini hili walimu hawakukufundisha. Kwetu ng'ombe wa mahari harudi. Akirudi, binti naye anarudi, ameshika mkia wake. Shangazi yako Cécile, unajua kwa nini alizeekea kwa babu? Babu alirudisha ng'ombe wa mahari yake kwa sababu ng'ombe huyo alikuwa kiguru. Mvua haikunyesha mara mbili kabla Cécile hajaonekana njiani na mkeka wake kichwani. Alikuwa anampenda mume wake yule. Ng'ombe akija kipofu, unamfunga, unasema asante.

Mwambie Aristote ng'ombe wake anatoa maziwa.

Papa wako

*

Nsungwi
15 Oktoba 2017

Papa mpenzi,

Habari za afya yako, na za hao mbuzi unaowasikia? Barua yako Aristote aliisoma kwa sauti mbele ya wateja. Alipofika pale pa maziwa akaweka mkasi chini akacheza, mwanaume mrefu vile, na futi ya kupimia shingoni! Nilimwangalia nikasema moyoni: Mungu, ulinipa huyu wakati wengine wamelala.

Siku kumi na nne zimepita na hatukuwa na neno la kulalamika. Duka likatuandikia kuuliza kama tumeridhika. Aristote akawajibu, "Sana."

Nikunong'oneze? Nadhani tuko watatu ndani ya nyumba hii. Usimwambie mtu bado. Aristote anaongea na tumbo langu kama mtu anayepiga hodi. Mtoto atakuja kulia sikioni mwako, Papa, nawe utasikia.

Niandikie. Je, soprano unazisikia pia, au mbuzi tu?

Binti yako,
Marlène

*

Nsungwi
6 Novemba 2017

Papa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, natapika tu asubuhi. Hujajibu. Mama Marguerite anasema una mafua na kazi nyingi za kwaya, na kwamba kila Jumapili unavaa apareyi. Basi nimetulia. Lakini andika, hata mistari miwili.

Binti yako

*

Nsungwi
27 Novemba 2017

Papa,

Leo siwezi kuuliza habari za afya yako, maana nimeziona.

Jumamosi nilikuja bila kukuambia, nikitaka kukushangaza. Ulikuwa umeupa mlango mgongo, apareyi iko sikioni. Nikaita, "Papa!" Nikaita tena kwa nguvu, kuku wa jirani wakatawanyika, wewe hukugeuka. Nilipokugusa bega uliruka kama mtu aliyemwagiwa maji. Ukacheka, ukasema ulikuwa unawaza wimbo. Halafu nikaona pamba chini ya mto. Papa, ile pamba yenye usaha si ya mafua.

Théophile wa kwaya alinisindikiza mpaka kwenye kabaza, zile baiskeli za abiria. Nikamuuliza. Akasema, "Dada, hiyo apareyi inapiga filimbi toka siku ya kwanza. Tunaimba tukishindana nayo. Papa peke yake njo haisikii."

Miezi miwili, Papa! Ulikuwa na sikio linalochechemea, ukaliziba kwa kitu kinacholioza, ili mimi nisirudi na mkeka kichwani. Nami huku nilikuwa nakuandikia habari za chai ya kitandani.

Nililia njia yote. Aristote alikaa na viatu miguuni mpaka giza likaingia, kisha akaniambia, "Waandikie dukani. We njo unajua Kiingereza."

Nimewaandikia. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini, nikafurahi, kumbe ni mashine inayojibu. "Mpendwa Mteja, kuridhika kwako ni muhimu kwetu." Baadaye akaandika mtu anayejiita Lindiwe, akataka picha. Nikatuma picha. Akaniambia muda wa kurudisha ulikwisha Septemba, na sisi wenyewe tuliandika kwamba tumeridhika sana. Nikamweleza habari ya ng'ombe na mahari. Akajibu kwamba hawauzi mifugo.

Nitawaandikia tena. Tafadhali, vua hicho kitu. Leo, kabla hujakunja barua hii.

Marlène wako

*

Dzaleka
4 Desemba 2017

Binti yangu,

Pole na safari, pole na kichefuchefu. Mimi nimekivua. Sasa usilie, mwenye mimba halilii ng'ombe.

Ulitaka nifanyeje? Papa Evariste, mjomba wa mume wako, anakaa benchi la mbele kila Jumapili. Ningekwenda bila apareyi, jioni ukoo wao wote ungesema mzee Byamungu amekataa mali yao. Barua zako nazo zilikuwa zinanuka sukari. Nilizisoma mara nyingi. Nikasema: sikio ni langu, furaha ni ya mtoto, wacha niumie upande mmoja.

Sasa nikusimulie ambayo yeye hatakusimulia. Alhamisi mume wako alifika hapa, vumbi la njia ya Lumbadzi mpaka kwenye nyusi. Akawakusanya wazee walewale wa siku ya mahari, na Papa Evariste akiwamo. Kwa kuwa mimi sisikii, alikuja na kipande cha katoni alichoandika kwa chaki yake ya kushonea, herufi kubwa kama za duka: APAREYI IRUDI. MARLÈNE HARUDI. Akaishika juu mbele yangu. Papa Evariste akamuuliza, "Una hakika, kijana? Baba zetu hawakufanya hivyo." Hayo sikuyasikia, wala jibu lake, lakini wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mama Marguerite aliniandikia yote baadaye: Aristote alisema, "Baba zetu hawakununua ng'ombe kwenye simu."

Basi wamekubali. Wazee wetu wamegeuza sheria ya mababu mchana mmoja, hata chai haikuwa imepoa. Hilo duka lenu linahitaji muda gani?

Ng'ombe namrudisha kwa mkono wa Mama Marguerite, na kisanduku chake. Mume unaye. Mi sikujua kama ni mtu wa namna hii, ningejua ningekivua mapema.

Papa wako

*

Nsungwi
22 Januari 2018

Papa yangu,

Unaendeleaje toka turudi hospitali ya Likuni? Dawa unaziweka asubuhi na jioni kama walivyoonyesha? Huku tunakula, tunalala. Tumbo linakua.

Duka limenipa jibu la mwisho. Nililia, nikawabembeleza, nikawatumia hata karatasi ya hospitali. Lindiwe hayupo tena, sasa kuna mwingine. Anasema kitu kinachoingia sikioni hakirudishwi kikishatolewa kwenye pakiti yake, ni sharti la usafi. Nikamuuliza: utajuaje kama sikio linasikia bila kufungua pakiti? Aliandika kwamba hata hivyo anayeweza kudai ni mwenye kadi tu, na mwenye kadi amehamia Blantyre, hapokei simu. Aristote alichukua kisanduku akaenda ofisi ya vifurushi mjini, akasema atalipa mwenyewe kukirudisha, hata bila kurudishiwa kitu, akitoe tu nyumbani. Wakamwambia bila namba ya kibali kutoka dukani hawakipokei. Akarudi nacho kwapani.

Asubuhi hiyohiyo nikapata ujumbe wa duka: mnatupa nyota ngapi?

Sijui kama daktari alikuandikia yote pale Likuni, au alikuandikia machache kwa kukuhurumia. Wewe usingenificha, hapana, wewe ungenificha. Mimi sitakuficha. Ngozi ya ndani ya sikio la kuume imeliwa. Alisema lilikuwa na ugonjwa wa zamani, halikutakiwa kuzibwa hata kidogo. Usaha utakauka. Kusikia hakutarudi.

Neno hilo nimeliandika mara tatu, mara mbili nikalikata.

Aristote ananiletea chai bado. Anaiweka, anakaa pembeni mpaka inapoa. Nampenda kuliko Septemba, Papa, ila sasa napenda kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

Nimesikia kwaya wamempa Théophile. Pole.

Binti yako,
Marlène

*

Dzaleka
19 Julai 2018

Mama wa mtoto,

Nakusalimu kwa jina hilo jipya. Umepona kiuno? Maziwa yanatoka? Kunywa uji mwingi, usione aibu kuomba. Mimi niko. Théophile anaendesha kwaya vizuri. Jumapili nakaa benchi la mbele na Papa Evariste, naangalia midomo. Najua wimbo gani kwa namna tumbo la Théophile linavyopanda, naye anajua najua, basi anajitahidi.

Kile kisanduku Aristote alikiacha hapa mlipokuja, nyuma ya mlango, akidhani sikukiona. Kiko juu ya kabati. Hakuna anayekitaka, hata watoto hawakichezei.

Nataka kukuambia habari ya Jumamosi. Mlipotoka nje kumsalimia Mama Marguerite, mliniachia mtoto kifuani. Nikamwona amekunja uso, akafungua kinywa chote, mpaka nikaona ufizi. Niliweka kiganja mgongoni kwake. Alikuwa anatetemeka kama ngoma ya kanisa ukiishika wakati wanaipiga. Kilio chake kilipita mbavuni kwangu, kikashuka mpaka tumboni. Kilikuwa kirefu. Kikikatika, kinaanza tena. Nilihesabu mapigo yake kama zamani nilivyohesabu wimbo kabla ya kuingia. Kisha mkaja mbio mkidhani nimelala, kumbe nilikuwa naye pale katikati.

Mama yako alilia hivyo tulipovuka ziwa, na nilimshika hivihivi. Lakini kilio cha mama yako nilikisikia pia.

Basi, binti yangu, una kalamu nzuri toka shuleni. Nyumba ikitulia, Aristote akiwa anashona, kaa karibu na mtoto akilia, usimnyamazishe upesi. Msikilize mpaka mwisho. Halafu uniandikie sauti yake inafanana na ya nani.

Babu yake