Kikohozi Tulichokiita Vumbi

Kahama, Jumapili mchana

Kabula, mdogo wangu,

Nina hasira. Naanza na hilo kwa sababu msibani sikupata pa kulisemea. Watu walisema umepumzika, na mimi nikaendelea kugawa chai.

Homa yako ilianza wakati wa kuvuna mpunga. Zahanati ya kwanza walikutoboa kidole, kipimo kikaonyesha huna malaria, wakakupa dawa ya malaria. Eti imejificha. Ya pili wakasema taifodi. Ya tatu wakasema UTI, wakakuchoma sindano mpaka ukawa ukiona koti jeupe unajifunika kanga ya Mama. Kila tulikokwenda walianza upya, kama vile homa yako imezaliwa asubuhi ile. Niliwaeleza kwamba inapanda jioni, kwamba unalala ukiloa jasho, kwamba sare ya shule imekupwaya. Nilikuwa naandika kila siku kwenye shajara, kwa hiyo sikuwa nabahatisha. Mganga mmoja akacheka. "Dada, homa zote hupanda jioni."

Wewe ulikuwa unaegemeza shavu kwenye mtungi wa maji. Ukaniambia, "Dada, mtungi hauumwi."

Swali lililotakiwa kuulizwa siku ya kwanza liliulizwa kule hospitali kubwa, nami sikuwepo, nilibaki nyumbani na Limi, kitinda mimba wetu. Daktari alimuuliza Mama kama nyumbani kuna mtu anayekohoa. Mama akajibu, "Hapana."

Hakudanganya, Kabula. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kutua. Kwetu Baba hakohoi. Baba ana vumbi. Anasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, ile mashine ya machimboni, na wanaume wote wa kule wana vumbi. Wenzake humtania, "Baba Neema akikohoa mtegeeni karai, dhahabu itadondoka." Nawe ulimjua kwa kikohozi hichohicho. Baiskeli yake haijafika uani, ulikuwa umeshasema, "Baba huyo," na kukimbilia mlango.

Walipogundua ni kifua kikuu, kilikuwa kimeshafika kwenye ubongo. Ulianzishiwa dawa ukiwa hutujui tena.

Nesi alisema wote wa nyumba hii tupimwe. Mimi na Mama tulikwenda, tuko salama. Limi hakupelekwa, Mama alitaka aende pamoja na Baba. Na Baba kila wiki anasema akimaliza kusaga mzigo huu. Mzigo huu ukiisha unakuja mwingine.

Sasa Limi ameanza kuchemka jioni.

Juzi nimemkuta Mama na dawa ya malaria, kaitoa duka la dawa bila kipimo. Nikamnyang'anya, nikaitupa chooni. Alilia. Mimi sikulia. Nimechoka kuona watu wazima wanarudia kitu kilekile na kukiita mapenzi ya Mungu.

Leo tukiwa tunakula nikamwambia Baba tuongozane kesho hospitali. Akasema taratibu, bila kuniangalia, "Neema, mimi nina vumbi tu."

Nikamuuliza, "Na Kabula naye alikuwa anasaga mawe?"

Alinawa mikono, ugali wake ukabaki vilevile, akatoka. Nilimsikia uani akijizuia kukohoa. Mama akaniambia nimekosa adabu. Huenda ni kweli. Sitamwomba radhi mpaka apimwe.

Sijui kama atakuja. Mimi nakwenda. Nitambeba Limi mpaka hospitali ileile, na sitasubiri kuulizwa. Nitamwambia daktari, Mama akiwa amekaa pale anasikia, kwamba baba yetu anakohoa tangu mtoto huyu hajazaliwa. Wakimtoboa kidole tu na kunipa vidonge, nitakaa mlangoni pao mpaka wapime kifua.

Lala salama, Kabula. Najua ulivyopenda kumbeba Limi mgongoni, hata ulipokuwa huna nguvu. Najua utakuwa unamkumbuka.

Huyo sikupi.

Dada yako,
Neema