Barua ya Nahodha

Shoga, uko wapi? Usipige, nimejifungia maktabani, nikisikia sauti yako nitalia.

Leo mkaguzi kaja kukaa darasani kwangu. Kidato cha tatu, somo la ile meli iliyozama. Nami nikajimwaga: "Historia haikaririwi, inasomwa! Shikeni barua ya nahodha, someni kila neno!"

Yule binti mkimya wa dirishani kanyoosha mkono. "Mwalimu, si meli ilizama Jumatano?"

Nikamjibu ndiyo.

"Mbona nahodha kaandika Jumanne kwamba imeshazama?"

Jumanne, shoga. JUMANNE! Juu kabisa ya karatasi, kubwa kama mlango!

Nikasema labda mpiga chapa kakosea. "Lakini huu ni mwandiko wake mwenyewe." Kweli, ni nakala ya mwandiko wake. Mwingine nyuma huko: "Kwa hiyo alijua?" Watu sitini walikufa mle!

Miaka tisa nafundisha barua hiyo. Miaka tisa namwita shujaa!

Halafu binti, tena kwa heshima zote: "Mwalimu, wewe uliisoma?"

Mkaguzi akaweka kalamu chini, asikie jibu.

Barua ninayo hapa mkononi. Ndiyo kwanza naisoma.