Dada Kidawa, Kabla ya Meli ya Machi

Jules Street, Malvern,
Johannesburg.
9 Januari 2019

Mpendwa dada yangu Kidawa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limetulia maadamu joto limeingia. Sisi huku hatujambo. Bushra wangu kanipita kimo, na Kiswahili anakisikia chote lakini akijibu ni Kiingereza kitupu, mpaka nimkumbushe kwamba mama yake mkubwa wa Tanga hatamwelewa. Mvua za radi zinapiga kila alasiri, na cherehani naifunika nailoni kwa sababu bati la duka linavuja palepale pa mwaka jana. Zaidi ya hapo hatuna la kulalamikia, alhamdulillah.

Najua unashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu kila nikitaja meli unasema mtandao unakatika, na mimi sijaona mtandao unaokatika kwa neno moja tu kila siku. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Neno lenyewe ni la Seif. Mwanao kakuandikisha kuwa mgeni wake kwenye meli ya watalii anayofanyia kazi, safari ya siku nne mwezi wa tatu, kutoka Durban mpaka kisiwa kimoja cha Msumbiji na kurudi. Ulimjibu kwamba maji huyakanyagi tena mpaka ufe, na tangu hapo simu zake hupokei. Sikulaumu. Miaka kumi imepita tangu boti ile izame na shemeji Abdulrahman ndani yake, halafu mwanao wa pekee anakwenda kutafuta kazi baharini kulekule! Hata mimi nilimwita mwendawazimu. Lakini dada, meli hiyo nimeipanda mwezi uliopita, na niliyoyaona nikikaa nayo peke yangu nitapasuka.

Ilikuwa hivi. Nina mteja, Mama Clémentine, Mkongo wa Bukavu, mwenye saluni mlango wa nne kutoka kwangu. Alikuwa anamwoza binti yake Murielle. Nilimsimulia habari za meli ya Seif, nikijigamba tu, naye akashika hapohapo kwamba harusi itafungwa humohumo. Gauni nililishona mimi, mkia wake mita nne, na gauni la namna hiyo haliendi bila fundi wake. Ndivyo mdogo wako alivyojikuta Durban bandarini na pasi ya nguo mkononi.

Niliposhuka kwenye teksi niliuliza meli iko wapi, maana mbele yangu naona ukuta mweupe tu wenye madirisha, kama yale majengo ya Marshalltown ninakonunulia vitambaa. Clémentine akacheka mpaka akashika ubavu. Ukuta ndio meli. Nikainua shingo nihesabu ghorofa, nikafika ya kumi kilemba kikanidondoka. Subhanallah, dada. Chuma kizima kile, na watu elfu mbili na zaidi, kimekaa juu ya maji kimetulia tuli. Nilisimama pale nikasahau kwamba mimi ni mtu mzima.

Sasa nisikilize, maana mengine nimeyajua kwa kuumbuka. Fika Durban siku moja kabla. Pale mlangoni kuna vijana wenye sare, watakuomba sanduku. Mpe, usibishane. Mimi ni mtu wa Johannesburg, na huku anayekuja mbio kukupokea mzigo ndiye anayeondoka nao, kwa hiyo nilishikilia sanduku langu kwa mikono miwili tukavutana mbele ya foleni nzima. Clémentine akanipigia kelele: "Mama Bushra, achilia bwana! Bagage yako batakupelekea mpaka ku chambre!" Na kweli nililikuta mlangoni pa chumba changu, limefungwa karatasi yenye namba yangu. Ila linafika jioni, basi pasipoti, dawa zako za presha, miwani na kanga moja viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Pasi waliichukua, wakanipa risiti, nikarudishiwa siku ya kushuka. Kumbe kitu chochote cha moto hakiruhusiwi. Kichetezo changu cha umeme hawakukitambua wakakipitisha, na nilipofukiza udi chumbani kidogo tu, ili gauni linukie, kengele ya moshi ililia na watu sita wakafika kabla sijafungua dirisha, ambalo kumbe halifunguki. Nguo zako zifukize nyumbani kwako Tanga.

Utapewa kadi ndogo. Itundike shingoni. Ndiyo ufunguo wa chumba, na kila unapotoka melini kuingia nchi kavu na kila unaporudi wanaipitisha kwenye mashine na sura yako inatokea. Nilidhani ni mbwembwe za kizungu. Maana yake niliielewa baadaye, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulipokuwa bado hatujang'oa nanga, king'ora kililia, mara saba kifupi na mara moja kirefu, na sauti ikasema kila abiria achukue jaketi la kuokolea lililo kabatini aende kwenye kituo chake. Ni mazoezi, hufanywa kila safari. Nikasikia, nikaelewa, sikwenda. Gauni la Murielle, tulilolipandisha wenyewe bila kulitia sandukuni, lilikuwa limetandazwa kitandani kwangu, kazi ya miezi mitatu, shanga moja moja kwa mkono. Hapa Malvern ukiacha gauni la bibi harusi dukani ukaenda hata kwa jirani kununua mkate, ukirudi utakuta henga tupu. Nikapiga komeo, nikakaa kando ya gauni nikalilinda. Niliwaza kwamba mazoezi ni ya wenye nafasi.

Haikupita muda mlango ukagongwa kwa ngumi. Sikufungua. Ukafunguliwa kwa ufunguo, komeo likauzuia, na kwenye upenyo ule nikaona nusu ya uso wa Seif.

Dada, kuonana kwetu tulikuwa tumepanga iwe jioni baada ya kazi yake. Nilitarajia kumbatio. Hata shikamoo hakunipa, mtoto yule uliyemlea akipita mbele ya mkubwa huinama. Jasho linamtoka, midomo imekauka. "Mama mdogo, unafanya nini humu?"

"Nalinda gauni," nikamwambia.

"Kituoni kwangu wako mia moja arobaini na moja. Wanatakiwa mia moja arobaini na mbili. Nimeita jina lako mara tatu."

Nikatoa komeo, akachukua jaketi kabatini akanivalisha mwenyewe. Vidole vilikuwa vinatetemeka, kishikizo akakikosa mara mbili. Kisha akanishika mkono tukapanda ngazi, mimi na kanga yangu na jaketi la rangi ya chungwa, hata gauni sikuligeukia.

Kule juu watu wote walikuwa wamesimama kwenye mistari wananingoja mimi. Wamenuna, wana haki. Bwana mmoja mwenye kofia pana alikuwa anasema kwa sauti kwamba mtu mmoja si kitu, waachiwe wakanywe vinywaji vyao. Seif aliniweka kwenye mstari, akarudi mbele, akainua karatasi yake, akaniita upya kana kwamba hajaniona: "Biubwa Mbwana Shehe." Nikaitika kwa sauti ya shule, "Nipo!" Akatia alama. Hapo ndipo akawashukuru wote na kuwaruhusu, na mimi nikaona mabega yake yameshuka.

Dada, ukimwambia mtu kwamba mwanao ni mtandika vitanda hujasema uongo. Anatandika, tena shuka zake hazina hata kunjo. Lakini kila safari watu mia na zaidi wamewekwa mkononi mwake, na hakuna anayeondoka kituoni mpaka Seif aridhike. Nahodha mwenye mistari ya dhahabu mabegani anangoja neno la vituo kama kile ndipo atoe meli.

Gauni nililikuta palepale lilipokuwa, hata shanga haikuguswa. Madobi wa meli walilinyoosha kwa mvuke, na Murielle aliolewa kesho yake asubuhi juu kabisa, bahari pande zote, mkia umeshikwa na wasichana watatu kwa sababu ya upepo. Clémentine alilia kama yeye ndiye anayeachwa. Bahari ile, dada, sikujua kwamba ina rangi nyingi namna ile. Niliizoea ya kutazama kutoka ufukweni. Ukiwa katikati yake hakuna mti wala mnara, ni wewe na Mola wako, na unajiona mdogo mpaka unapata raha.

Mchana ule Seif alipewa nusu saa, tukakaa kwenye benchi la wafanyakazi. Nikamwuliza kwa nini alihangaika vile kwa mazoezi tu, na mtu mwenyewe anamjua yuko chumbani. Alikunjakunja kitambaa chake cha kufutia vumbi. Kisha akaniambia: "Mama mdogo, siku tatu tulisimama kwenye kile kidirisha cha bandari. Kila siku mama anataja jina la baba, na kila siku yule karani anapitisha kidole anasema hayumo kwenye orodha. Mimi nilikuwa nimeshika baibui la mama. Nilikuwa nahesabu majina aliyoyapita. Huku mwenye orodha ni mimi."

Nusu saa yake ikaisha, akanibusu mkono, sasa akanipa na shikamoo yangu ya deni, akarudi kazini.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilikumbuka picha ya shemeji uliyoibandika kwenye kile kioo kwa mate kwa sababu hukuwa na gundi, na jinsi ulivyowaambia kwamba kama hayumo kwenye orodha basi labda hakupanda, na ukarudi nyumbani ukampikia chakula cha jioni. Dada yangu, tulidhani mtoto alikwenda baharini kwa kusahau. Naomba radhi kwako na kwake, maana na mimi nilidhani hivyo.

Nimalizie mengine madogo nisije nikasahau. Chakula ni kingi mpaka kinatisha, lakini siku ya kwanza tu waambie wewe ni Mwislamu, watakuonyesha cha kula. Mimi nilishikamana na samaki, wali na matunda nikashiba vizuri. Chombo kikianza kuyumba, tafuna tangawizi mbichi na ukae ghorofa za chini, katikati, huko mtikisiko ni mdogo. Viatu vya bapa kwa ajili ya goti, na lifti zipo. Kisiwani mnapelekwa kwa boti ndogo. Hilo hulazimiki, mimi mwenyewe nilibaki melini, na Seif kasema atakuwekea kiti kivulini. Na usihangaike na kibla. Mkienda Msumbiji kibla kiko omo, mbele ya chombo, mkirudi kiko tezi, nyuma yake, na kwenye televisheni ya chumbani kuna ramani inaonyesha meli ilipo saa zote. Niliswali alfajiri pale sakafu ikinibembeleza polepole, na wallahi sikumbuki swala iliyoniingia moyoni kama ile.

Woga utakuja, sikudanganyi. Utakuja ukiiona, utakuja ukisikia king'ora. Mimi ambaye sikufiwa na mume ulinijia, wewe itakuwaje. Njoo nao hivyohivyo. Bushra na mimi tutakupokea hapa Johannesburg, tutakupeleka Durban kwa basi, na mpaka mlangoni nitakushika mkono.

Nisalimie Shangazi Duni, mwambie mtandio wake wa zari uko tayari. Nisalimie Bi Mafunda na wajukuu wake wote, na dua zangu kaburini kwa baba na mama ukipita. Mwenyezi Mungu akupe afya, amrehemu shemeji huko aliko, na akufungulie kifua.

Dada, fomu ya mwezi wa tatu Seif alinionyesha. Jina lako limeandikwa kamili, Kidawa Mbwana Shehe, na kituo alichokuombea ni chake. Safari hii jina limo. Siku hiyo atasimama mbele na karatasi yake, ataliita mara tatu, na mimi nimekiona kile kidole kinavyotetemeka akikosa mtu mmoja. Uwepo uitike.

Mdogo wako ninayekupenda, nangoja mlangoni,
Biubwa