Sukari ya Baba

Kisumu, 4 Machi 1934

Mama mpendwa,
Shikamoo. Hujambo, na mwanangu hajambo? Mimi mzima, joto tu linanionea. Nimempa Ouma wa mashua sukari guru ya dukani kwa tajiri wangu, Bwana Rajnikant. Mpe Zamzam, umwambie imetoka kwa baba. Tangu mama yake afariki unaye wewe, na miaka mitatu ni midogo. Naogopa atanisahau.
Mwanao, Muhidin

Port Victoria, 20 Machi 1934

Mwanangu,
Marahaba. Sisi wazima, wanaougua ni kuku. Zamzam akikulilia namfungia kipande cha sukari kwenye kitambaa, anafyonza mpaka analala nacho mdomoni, huku anasema, "Baba." Nani kakusahau?
Mama yako

Kisumu, 2 Aprili 1934

Mama,
Shikamoo. U mzima? Barua yako nimewasomea wapagazi wote. Sasa nitaleta sukari kila mashua ikija huko.
Mwanao, Muhidin

Port Victoria, 11 Agosti 1934

Mwanangu,
Marahaba. Usishtuke, tuko hai. Lakini meno ya mbele ya Zamzam yameoza, shavu limevimba, hata uji hanywi. Dresa, yule mtibu wa zahanati, kayang'oa mawili, kisha kanigombeza mbele ya watu: eti ni kile kitambaa cha kulala nacho. Usilete sukari tena.
Mama yako

Kisumu, 19 Agosti 1934

Mama,
Shikamoo. Mwanangu anaendeleaje? Nimelia dukani, mbele ya wateja. Lakini nikiacha kuleta, atanijuaje?
Mwanao, Muhidin

Port Victoria, 25 Agosti 1934

Mwanangu,
Marahaba. Shavu linapungua. Atakujuaje? Una uso, sivyo? Lete huo.
Mama yako

Port Victoria, 30 Oktoba 1934

Mwanangu,
Ulifika Kisumu salama? Huku wazima. Siku ile ulipoingia nyumbani, Zamzam akajificha nyuma yangu, nilikuonea huruma. Nilidhani utarudi siku hiyo hiyo. Kumbe wiki nzima mtoto hakushuka mgongoni mwako! Uji bila sukari alianza kwa kununa, sasa anakomba bakuli.

Jana mashua ilitia nanga, akakimbia ufukweni. Ouma akamtania, "Nyathina, mwanangu, leo sukari hakuna."

Zamzam akamjibu kwa pengo lake lote, "Sitaki sukari. Baba yuko wapi?"

Idi ikikaribia, mwombe Bwana Rajnikant ruhusa. Uje mikono mitupu.
Mama yako