Vyumba Vilivyoinama

3 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mbili. Nimewazika kaka zangu wote, nimewazika mafundi walionifundisha kushika mwiko, na yule daktari aliyesema sitamaliza mwaka, naye nimemzika. Kwa hiyo usinipe pole ya uzee.

Barua yako nimeipata. Unasema umeachana na mume, unataka kurudi nyumbani na mtoto. Chumba chako kina wapangaji: nyuki wamejaa darini, juu ya dirisha. Na hata wasingekuwepo, mimi nimejenga kuta maisha yangu yote, hakuna hata moja iliyopinda. Maisha yako yamepinda. Yanyooshe kwanza huko huko.

Baba yako, fundi mkuu

19 Februari

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mtoto amekua, anakuulizia. Nimesoma barua yako nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Mwenye nyumba anataka chumba chake mwezi ujao. Sikuombi uninyooshee kitu, naomba pa kulala. Ukikataa tena sitaandika tena.

Hao nyuki usiwachome moto. Na usipande ngazi, nakujua.

Binti yako

16 Machi

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa mjukuu. Ngazi nimepanda. Wa kunikataza hajazaliwa. Seremala jirani alichonga mzinga, akanishikia ngazi akitetemeka kama yeye ndiye mzee.

Nilikuwa nimewachungulia sana wale wapangaji. Wao msingi hawaujui, wanaanzia darini kushuka chini, wameshikana miguu kama mnyororo. Nta inawatoka matumboni mwao wenyewe. Majimaji ya maua wanapokezana mdomo kwa mdomo, wanayapepea kwa mabawa mpaka yawe mazito, ndipo wanaziba. Ufundi nauona.

Lakini nilipokata sega la kwanza, nikachomeka kijiti kwenye kitundu, nikakiwekea pimamaji yangu ya kunyooshea kuta. Kimeinama! Cha pili, kimeinama! Nikamwambia seremala, "Ona kazi ya wanagenzi." Nikalilaza sega mpaka pimamaji ikaridhika. Asali changa yote ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko.

Seremala akasema, "Fundi, si wameviinamishia ndani hivyo vitundu ili asali isimwagike?"

Nikamjibu, "Najua. Nilikuwa nakupima wewe."

Basi nimekaa kizingitini mwa chumba chako, mkono unanata, nikafikiri hadi chai ikapoa. Wewe ulitoka kwa yule bwana ukiwa umemshika mtoto. Mtoto hakumwagika. Sasa mimi na pimamaji yangu nilikuwa napima nini?

Njoo. Usinyooshe kitu, njoo ulivyo. Mzinga uko nyuma ya nyumba na nyuki wamo, dari nimeziba, kitanda kipo.

Utasema barua hii kaandika mtu mwingine, baba yako hasemi hivi. Muulize seremala, nimeiandika mbele yake. Jicho lake moja limeumwa na nyuki, limevimba halifunguki, ila ameona yote kwa hilo jingine.

Baba yako